Kiatu cha Bi Kishindo

"Bibi, umemkopi," mjukuu wangu aliniambia. "Halafu umemkosea. Bi Kishindo ni mnene. Na huyu wako mbona hachekeshi?"

Nilikuwa nimemwonyesha jarida la katuni ninalolitunza kwenye mfuko wa nailoni, chini ya nguo zangu za kutokea. Kwenye jalada kuna mwanamke amesimama juu ya paa la soko, mikono kiunoni, joho linapepea, mguu wa kushoto una kiatu cheusi na wa kulia hauna kitu. Anautazama mji wote kama mama mwenye nyumba anayejua ni nani amemaliza sukari. Chini kwenye kona lipo jina langu, kwa herufi ambazo siku hizi sizioni bila miwani. Bi Kishindo nilimbuni mimi. Nilimchora kila wiki, tangu kabla baba yake huyu mtoto hajazaliwa hadi alipoota ndevu.

"Nimemkopi kutoka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kipindi cha Baba," akasema, akarudia juisi yake.

Mtoto huyu tunamwita Chiriku, na ukikaa naye chumba kimoja utajua kwa nini. Akitoka shule huja kwangu, anakula, analipua kazi zake za shule, kisha anakaa kwenye zulia kungoja *Kwetu Hakulaliki*. Hicho ni kichekesho cha katuni cha televisheni. Kuna familia iliyobanana kwenye fleti moja: baba mvivu, mama mkali, watoto watundu, kasuku, na Shangazi. Huyo Shangazi ndiye anayewavunja watu mbavu. Utotoni alisoma majarida ya Bi Kishindo hadi yakampanda kichwani, na sasa anaamini Bi Kishindo ni yeye. Anajifunga pazia shingoni, anavua kiatu cha kulia, anakanyaga sakafu kwa nguvu zote, na badala ya kuanguka jambazi linaanguka kabati la vyombo. Kisha inapanda harufu ya mguu, imechorwa kwa mawimbi ya kijani. Watu wanaziba pua na kasuku anazimia. Nimewaona watu wazima, wenye familia zao, wakimwigiza Shangazi mbele ya duka la mtaani kwetu.

Mkuu wa waandishi wa kipindi hicho ni mwanangu wa kumzaa. Sina mwingine.

Mwanzoni nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Siku ya kwanza jarida langu lilionekana tu mezani, nyuma ya kikombe cha yule baba mvivu. Nilimwita jirani yangu mshonaji akimbie aje aone. Nilimpigia mwanangu simu, naye akaniambia, "Nimekuwekea zawadi, Mama." Nilitembea wiki nzima kama niliyevishwa taji. Shangazi na pazia lake alipoingia, nilipiga tena, safari hii bila kicheko.

"Ni utani tu, Mama," akasema. "Wenzangu wanampenda sana Bi Kishindo. Na mimi ni mmoja, wao ni wengi."

Nikajiambia labda nimezeeka, labda siku hizi kupenda kitu ndiyo kukicheka.

Lakini habari ya kiatu ni habari nyingine, na lazima niisimulie, maana bila hiyo hamtajua nilichoibiwa. Bi Kishindo nilipoanza kumchora alikuwa na viatu vyote viwili, vyeusi, imara, vya mwanamke mwenye shughuli zake. Toleo moja likatoka kiwandani likiwa na kasoro. Kipande cha karatasi kilinasa kwenye mtambo, kikakaa palepale kwenye mguu wake wa kulia, na wino haukupita. Nakala zote zikaingia mitaani Bi Kishindo akiwa na kiatu kimoja. Mhariri alitukana kiwanda kizima. Wasomaji wakaanza kuuliza: kiatu kimeenda wapi? Nami sikuwa na jibu, kwa hiyo nikalitunga. Wiki iliyofuata nilimchora akimvuta mtoto kutoka kwenye mfereji wa maji machafu, kiatu kikabaki kwenye tope, na mguu mtupu ulipogusa ardhi, ardhi ikamjibu. Tangu hapo nguvu zake zikawa kwenye mguu huo. Akiukanyaga chini, milango ya magereza inafunguka, na tajiri aliyeiba kiwanja cha shule anakaa chini bila kupenda.

Fundi wa mtambo aliyefanya kosa lile alikuja ofisini kuniomba radhi. Alikuwa kijana mrefu, kucha zimejaa wino, mkononi ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ndani mlikuwa na kiatu kikuukuu cha kike. "Dada, nimekiokota kwenye mtambo," akasema bila hata kutabasamu. "Nadhani ni cha rafiki yako."

Nilicheka hadi nikashika meza. Huyo ndiye niliyeolewa naye. Na kwa miaka yote ya ndoa yetu, jioni nikirudi kutoka kupeleka michoro, miguu inawaka moto, nikivua viatu tu mlangoni, yeye alipaza sauti kutoka jikoni: "Fungueni madirisha, Bi Kishindo kaingia!" Kisha analeta beseni la maji ya uvuguvugu, ananiosha miguu huku akiniuliza leo nimemwangusha nani. Mwanetu alikuwa akikaa kwenye kigoda pembeni, anacheka.

Maneno hayo sikuwahi kuyaandika kwenye jarida. Yalikuwa ya nyumbani. Tuliyajua watu watatu, na mmoja wetu tumeshamzika.

Sasa fikirini nimekaa na mjukuu wangu, sahani ipo mapajani, Shangazi anavua kiatu, na yule baba mvivu wa kwenye katuni anapiga kelele: "Fungueni madirisha, Bi Kishindo kaingia!" Kasuku akaanguka chali. Chiriku akagaagaa kwenye zulia kwa kicheko. Niliweka sahani chini, nikaenda chooni, nikakaa huko bila haja yoyote.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hapakuwa na wenzake wengi wala nini. Aliyemvisha Bi Kishindo pazia ni mwanangu mwenyewe.

"Ni kumbukumbu ya Baba," aliniambia kwenye simu. "Kila ikisemwa, namsikia Baba."

"Mimi namsikia kasuku akianguka."

"Mama, usiwe hivyo. Sikiliza. Kipindi cha mwisho wa msimu, mwishoni kabisa, nitaweka jina lako. Litakaa peke yake kwenye kioo. Aliyembuni Bi Kishindo ni fulani. Watu wote ofisini nimeshawasimulia habari zako."

Nilitaka kukasirika zaidi, lakini ile ahadi ilinishika pabaya. Sikuitaka kwa ajili ya watu wa mbele ya duka. Majarida yangu yameliwa na panya na unyevu, waliokuwa wakiyasoma wamezeeka au wamesahau, na msomaji niliyebaki naye ni mmoja tu, anakaa kwenye zulia langu na kuniambia nimemkopi. Nilitaka Chiriku alione jina la bibi yake likitoka mahali anapopaamini. Basi. Hilo tu.

Nikamwambia Chiriku, "Subiri kipindi cha mwisho, utaona Bi Kishindo ni wa nani."

"Nilimuuliza Baba," akasema. "Akanitekenya."

"Hakukujibu?"

"Alinitekenya tu, halafu akaenda kuosha gari."

Siku ya kipindi cha mwisho nilimwalika mshonaji. Nilivaa gauni la kutokea, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, niangalie televisheni. Mshonaji alinitazama juu hadi chini akasema, "Leo kuna harusi?" Shangazi alikanyaga, jengo zima likatitia, majirani wakakimbia wameziba pua. Kikaisha. Majina yakaanza kupanda. Lilipita jina la mwanangu, kubwa. Wakapita waliotoa sauti, waliopaka rangi, aliyemchora kasuku, hata dereva. Chiriku alikuwa anayasoma kwa sauti moja baada ya jingine, kidole kinafuata kioo, na jina langu halikuja. Likaja tangazo la sabuni.

Mshonaji alikohoa, akasema amekumbuka ameacha pasi kwenye umeme. Chiriku akanisogelea, akaweka mkono wake gotini kwangu.

"Labda wewe ulikuwa unachora Bi Kishindo mwingine," akasema polepole.

Alikuwa ananifariji. Afadhali angenibishia.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao. Sikuwahi kufika, kila mara mwanangu alikuwa na sababu: leo wanarekodi, kesho kuna wageni. Ni nyumba ya ghorofa iliyo nyuma ya gereji, madirisha yamefunikwa karatasi nyeusi ili mwanga usiingie kwenye vioo vya kompyuta. Mlinzi aliposikia mimi ni mama wa bosi alinipandisha ngazi kwa heshima zote, kanishika kiwiko kama yai. Bosi yuko kwenye chumba cha sauti, wakaniambia, anamaliza sasa hivi. Binti mmoja wa kupaka rangi akanipa kiti karibu na meza yake, akaniletea maji, akaniita Mama.

Ukutani mbele yake Bi Kishindo alikuwa amebandikwa. Siyo Shangazi. Bi Kishindo wangu mimi, ukurasa umekuzwa, mistari yangu imekuwa minene kama kamba, na kona yenye jina langu imekatwa.

"Unamjua huyo, Mama?" binti akaniuliza. Macho yalimng'aa. "Huyo ndiye wa kweli, kabla hatujamfanya kichekesho. Mimi namhusudu. Ona huo mguu! Kuna siku najaribu kuchora mguu kama huo hadi nakata tamaa."

"Namjua kidogo," nikasema.

"Aliyemchora alikuwa mwanamke, unaambiwa. Wakati ule! Bosi alitusimulia habari zake zote. Alikuwa anachorea jikoni, mtoto mgongoni, chungu kikiwa motoni."

Ilikuwa kweli. Nilihisi moyo umelainika, nikamwona mwanangu vingine. Kumbe kweli aliwasimulia. Kumbe labda jina limekatwa na wakubwa wake, labda alinipigania akashindwa. Nikafungua mdomo nimwambie binti yule kwamba chungu chenyewe kiliungua mara nyingi.

"Masikini," akaendelea, "ndiyo hivyo, alishafariki. Alifariki kabla kipindi hakijaanza. Siku ya kwanza kabisa ya kazi tulisimama wote hapa, tukakaa kimya kumkumbuka. Bosi mwenyewe alitokwa na machozi."

Nikafunga mdomo.

"Mlisimama," nikasema.

"Tulisimama. Hata mlinzi alipanda juu."

Nilinywa yale maji yote. Nilikuwa najiuliza walisimama wakielekea upande gani, na kama kuna aliyekohoa. Hupati nafasi kila siku ya kuketi mezani na watu waliokuombea upumzike kwa amani.

Mlango wa chumba cha sauti ukafunguka, akatoka mwanangu, anacheka na watu wawili. Aliponiona kile kicheko kikabaki mdomoni, macho yakiwa yameshaondoka. Yule binti masikini, hana hili wala lile, akaruka.

"Bosi! Mama yako anamjua Bi Kishindo, nadhani hata mchoraji wake alimjua! Na hukutuambia!"

Chumba kizima kikageuka. Nilimtazama mwanangu. Nilimwachia nafasi. Ilikuwa ni neno moja tu, na hata angelisema vibaya, hata angelisema kwa kigugumizi, ningelipokea kwa mikono miwili, nikamsaidia kucheka, nikawaambia wote kwamba alikuwa anawatania. Nilikuwa nimeshaandaa na tabasamu kabisa.

Mwanangu alitazama viatu vyake.

"Walikuwa majirani," akasema. "Mama alimlilia sana."

Binti akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole, Mama," akaniambia.

"Nimeshapoa," nikasema.

Mwanangu alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Mlango ulipojifunga nyuma yetu akaanza kuzungumza kwa haraka, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akifanya alipovunja kitu utotoni.

"Mama, ungekuwa hai ingebidi tuombe ruhusa. Wenye pesa hawakutaka mlolongo. Waliniuliza mwenyewe yuko wapi, likanitoka tu, ameshafariki. Baadaye ningerudi vipi nyuma? Nikisema leo, kipindi kinasimamishwa, unga wa watu wote wale unamwagika. Yule binti ana wadogo zake anaowasomesha."

"Na jina uliloniahidi?"

"Nilidhani utasahau."

"Nisahau jina langu?"

Akaegemea ukuta. Ana nywele nyeupe masikioni, nikaziona kwa mara ya kwanza, na nikachukia kuziona wakati ule.

"Hujui ilivyokuwa shuleni," akasema. "Kila nikipita wanaziba pua. Mtoto wa Bi Kishindo! Fungueni madirisha! Siku moja niliropoka jinsi mnavyotaniana nyumbani, wakanishikilia hiyo hadi nikamaliza shule. Nilijifunza kucheka nao ili wasinipige. Ndiyo ucheshi wote nilionao, Mama. Sina mwingine."

Kwa hiyo na yeye lilimuuma. Iliniingia, mimi ni mama yake, nilitamani kumshika kichwa kama zamani. Lakini nilikumbuka pia kwamba wale watoto walikuwa watoto, na hawakuwahi kuniua.

"Chiriku atauliza tena," nikamwambia. "Utamjibu nini?"

"Mama, yule ni mtoto. Atasema kwa kila mtu."

"Nimekuuliza utamjibu nini."

Akataka kunipa nauli. Nikashuka ngazi, mlinzi akanifungulia geti na kunipigia saluti.

Jioni ile Chiriku alikuja kama kawaida, akatupa mkoba, akakuta nimekaa mezani. Nilikuwa nimetoa kalamu zangu za zamani na kichupa cha wino. Wino ulikuwa umeganda, nikauzimua kwa maji ya moto ukakubali. Mkono hauko kama zamani, lakini kuna vitu mkono unavikumbuka wenyewe.

"Unachora!" akapiga kelele, akapanda kwenye kiti. "Nichoree Bi Kishindo. Wa kwako, yule asiyechekesha."

Nikamchora. Paa la soko, mikono kiunoni, joho. Chiriku alikuwa amenyamaza, jambo ambalo sikumbuki lini limetokea, anahema karibu na sikio langu. Uso ulipotokea akasema taratibu, "Bibi, mbona ni yeye kabisa? Ni wewe kweli?" Akaweka jarida pembeni ya karatasi, akatazama huku, akatazama kule. "Ni wewe. Nitamwambia Baba. Nitawaambia na darasani kwetu."

Basi nilikuwa nimempata. Kitu nilichokitaka kwa muda wote ule kilikuwa kimepanda kiti, kimeniamini, na hakikuhitaji televisheni. Na papo hapo nikaona kinachofuata: mtoto huyu atakwenda kwao na furaha yake, atasimama mbele ya baba yake, na baba yake atamwambia nini? Atamwambia bibi yako amezeeka, anachanganya mambo. Au atamfundisha kusema kwamba mimi na mchoraji tulikuwa majirani.

Kalamu ilikuwa imefika miguuni. Nikachora kiatu cha kushoto. Kisha nikachovya wino, nikachora na cha kulia, cheusi, imara, nikakijaza hadi kidoleni bila kuacha hata tundu dogo la mwanga.

"Bibi!" Chiriku akashtuka. "Umekosea! Ule mguu hauna kiatu!"

"Sijakosea."

"Sasa atapigaje kishindo?"

"Hapigi tena."

"Kwa nini?"

"Mwenyewe ameshafariki. Muulize baba yako, yeye alimlilia."

Alinitazama kujua kama natania. Kisha akakimbilia mkoba wake, akarudi na kifutio, akakiinamia kile kiatu, akaanza kusugua, ulimi nje, kwa nguvu zake zote za kitoto. Alisugua hadi karatasi ikaota manyoya, ikaanza kutoboka.

"Hakifutiki," akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni wino."